Kinga ya Bodi ya Pikapu: ya Kupachika au ya Kupuliza?

Pikapu hununuliwa kwa ajili ya mgongo wake, na mgongo huo ndio huharibika kwanza. Mawe huchubua rangi, nondo hukwaruza sakafu, maji ya samaki na mabaki ya mbolea hujikusanya katika kona, kisha kutu huanza kazi yake bila kelele. Kwa sababu hiyo wauzaji wa vipuri na mafundi rangi huwapa wateja kinga za aina mbili. Ya kwanza ni ganda la plastiki lililofinyangwa kama beseni kufuata umbo la bodi ya gari fulani, ambalo huteremshwa na kupachikwa mahali pake. Ya pili ni kemikali ya majimaji inayopulizwa juu ya bati, ikaganda na kuwa ngozi ngumu yenye chembechembe.

Mlaji hupenda kuuliza ni ipi iliyo bora. Swali lenye manufaa zaidi ni hili: bati litakuwa katika hali gani baada ya miaka mitano chini ya kinga hiyo? Maana kinga zote mbili hufunika, na kinachofunikwa hakionekani tena.

Ganda la kupachika

Ganda hili hutengenezwa kwa poliethilini nzito, plastiki ya jamii moja na ile ya matangi ya maji. Fadhila yake kubwa ni kupokea kishindo. Jiwe likidondoka, plastiki hubonyea kidogo na kurudi, na bati lililo chini hunusurika. Kwa mtu anayebeba mawe, matofali au vyuma vizito kila siku, tunaona kuwa ganda linamfaa kuliko kinga ya kupuliza. Aidha, kwa kawaida bei yake huwa nafuu, hufungwa kwa muda mfupi, na huweza kuvuliwa na kuhamishiwa gari jingine la umbo lile lile.

Udhaifu wake umo katika nafasi iliyopo kati ya plastiki na bati. Gari likitikisika katika barabara ya vumbi, ganda nalo hucheza, na mchanga ulioingia chini yake hufanya kazi ya msasa. Rangi huisha taratibu, kisha maji huingia na kukawia kukauka. Kwa wanaobeba chumvi, samaki au mbolea, hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa maji yenye chumvi huharakisha kutu. Mafundi wengine hutoboa bodi kwa keekee ili kukaza skrubu, na kila tundu lisilopakwa rangi ya kuzuia kutu ni mlango mpya wa maradhi hayo. Ukiweza, chagua ganda linaloshikwa kwa vibanio au linalotumia matundu ya kiwandani.

Kuna na utelezi. Plastiki laini iliyolowa haishiki mzigo, hivyo madumu na masanduku huteleza nyuma na mbele kila dereva anapofunga breki. Mwenye ganda hana budi kufunga mzigo kwa kamba, au kutandika mkeka wa mpira juu yake. Pia alivue ganda mara kwa mara, hasa baada ya masika, aoshe bodi na kuiacha ikauke kabisa kabla ya kulirudisha. Wachache hufanya hivyo, na hapo ndipo lawama nyingi dhidi ya ganda huzaliwa.

Kinga ya kupuliza

Kinga hii, ambayo aghalabu ni poliyurethani au poliurea, hushikamana na bati pasipo kuacha nafasi. Maji hayapati pa kupita, mzigo hauselelei, na bodi haipotezi upana wake. Unene unaotajwa sana katika kazi ya kitaalamu ni takriban milimita 3. Zile za kopo ambazo mtu hujipakia mwenyewe kwa brashi au rola kwa kawaida huwa nyembamba zaidi, wala zisilinganishwe kwa bei tu.

Hata hivyo, kinga ya kupuliza hufuata umbo la bati: bati likibonyea, nayo hubonyea. Tena haiondoleki kwa urahisi, kwa hiyo kosa la siku ya kwanza hudumu. Chembechembe zake zinazoshika mzigo ndizo hizo hizo zinazochana viroba vinavyoburutwa na kuchubua magoti ya mpakiaji. Rangi nyeusi ya baadhi ya aina hupauka juani, basi uliza kama ipo tabaka la kuzuia miale ya jua.

Uhai wa kinga hii hutegemea maandalizi kuliko kopo lenyewe. Bodi sharti ioshwe mafuta yote, ipigwe msasa, kutu iondolewe hadi bati safi, na ikauke kabisa. Kemikali hii ikikutana na unyevu kabla ya kuganda hutoa mapovu, jambo la kuangaliwa sana pwani na wakati wa mvua. Ikipulizwa juu ya kutu, kutu huendelea chini yake mpaka kinga inyanyuke vipande vipande. Mwambie fundi asizibe matundu ya kutolea maji, na afunike vichwa vya bolti na ndoano za kufungia kamba. Mteja anayo haki ya kuiona bodi baada ya msasa na kabla ya kupuliza. Fundi anayekataa hilo tunakushauri umwache.

Usisubiri gari karibu na chumba cha kupulizia, na usiende huko na watoto. Kemikali hizi huwa na isosianeti, ambazo mvuke na matone yake yaweza kusababisha pumu. Mwaka 2006 taasisi ya NIOSH ya Marekani, inayochunguza usalama na afya kazini, ilitoa tahadhari mahsusi kuhusu pumu na vifo vinavyohusiana na upulizaji wa kinga za bodi za pikapu. Barakoa ya kitambaa haimlindi fundi. Anahitaji hewa safi inayoletwa kwa mpira kutoka nje ya chumba. Karakana inayopuliza uani, wapiti njia wakivuta hewa ile ile, haistahili fedha zako hata ikiwa rahisi.

Petroli isijazwe juu ya bodi

Jambo hili ni zito kuliko bei na kutu. Petroli inapomiminika katika dumu huzalisha umeme tuli. Dumu likiwa juu ya ardhi, umeme huo hupata njia ya kutoka. Likiwa juu ya plastiki, hukwama na kuongezeka, kisha cheche moja kati ya dumu na mdomo wa pampu hutosha kuwasha mvuke. NIOSH iliwatahadharisha watu juu ya moto wa namna hii, katika pikapu zenye magamba ya plastiki, tangu 1998. Kinga ya kupuliza nayo ni plastiki, basi kanuni ni moja: teremsha dumu chini, mbali na gari, na ugusishe mdomo wa pampu na mdomo wa dumu mpaka umalize kujaza. Madumu yawe yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya petroli.

Ununuapo pikapu iliyotumika

Ganda jipya katika gari kuukuu lisikupumbaze. Omba livuliwe. Muuzaji akisema haiwezekani, inama chini ya gari, umulike kwa tochi na uguse sakafu kwa upande wa chini. Kama bodi imepulizwa, tazama kingo, kona na matundu ya maji: uvimbe au ufa ni dalili ya kutu iliyofichwa.

Kabla ya kulipa

Mweleze muuzaji waziwazi mzigo unaobeba, na ikiwezekana uandikwe katika ankara. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, mnunuzi aliyeeleza matumizi yake na kutegemea ujuzi wa muuzaji ana msingi wa kudai bidhaa inayofaa kwa matumizi hayo. Nayo Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Maneno kama “haitoki maisha” yaulizwe: dhamana ni ya muda gani, je, inahusu kubanduka, kupauka au vyote, na nani atagharimia kuondoa kinga mbovu? Majibu yaandikwe. Chukua risiti ya EFD, piga picha za bodi kabla ya kazi na baada yake, na urudi kuikagua baada ya mvua ya kwanza, wakati ambapo madai yako bado ni mapya.