Jina la Kariakoo

Kila siku watu wengi huenda soko la Kariakoo, Dar es Salaam, wakanunua nafaka, samaki na mboga. Lakini ni wachache wajuao asili ya jina hilo. Sikilizeni habari zake.

Mwaka 1914 vita vikuu vilianza Ulaya, vikafika mpaka Afrika Mashariki, Waingereza wakapigana na Wajerumani. Barabara zilikuwa chache, na wanyama wa mizigo walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o. Basi unga na risasi vilichukuliwa vichwani mwa watu. Waingereza waliunda kikosi cha wapagazi, wakakiita Carrier Corps, na katika neno la pili herufi mbili za mwisho hazitamkwi. Wengi wa wapagazi hao hawakwenda kwa hiari. Walishikwa kwa nguvu vijijini mwao.

Mwezi wa Septemba 1916 Waingereza waliutwaa mji wa Dar es Salaam. Wajerumani walikuwa wamejenga jengo la soko kabla ya vita, na hapo ndipo wapagazi walipowekwa. Wenyeji walisikia jina la kikosi, wakalitamka kwa Kiswahili: Kariakoo. Vita vikaisha, wapagazi wakaondoka, pakawa soko, jina likabaki. Hata Nairobi iko Kariokor, na asili yake ni hiyo hiyo.

Majina hugeuka hivyo yapitapo katika vinywa vya wageni. Kompyuta hutafuta neno moja kati ya maandishi mengi kwa kufuata hatua zilizopangwa, nazo huitwa algorithimu. Neno hilo limetokana na jina la al-Khwarizmi, bingwa wa hesabu aliyekaa Baghdad yapata miaka 1200 iliyopita. Watu wa Ulaya walilitamka kwa namna yao.

Lakini tazameni tofauti. Jina la bingwa yule limo vitabuni. Wapagazi walikufa kwa maelfu mengi, zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi, na wengi walizikwa pasipo alama. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mjini mwaka 1927, yaonyesha askari na bunduki yake. Wapagazi wametajwa katika maandishi ya chini tu. Hata hivyo, kila kondakta aitaye "Kariakoo!" huwataja bila kujua. Nanyi mjuao, wakumbukeni.

Maswali
1. Kwa nini mizigo ya vita ilichukuliwa na watu?
2. Jina Kariakoo lilitoka wapi?
3. Waulize wazee asili ya jina la mtaa wenu, kisha uiandike.