Lori Likivuta Tela, Tazama Moshi

Hapa Mabatini tunayaona malori ya dizeli yakivuta tela na kutoa moshi mweusi. Mafuta yamezidi hewa. Moshi wa injini iliyolemewa huweza kupita nyuzi 700, na pistoni nyingi ni za alumini kama sufuria zetu; alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi. Geji ya maji isikudanganye, huenda ikaonyesha sawa tu.

Weka gia ndogo, legeza mguu. Ukisimama usizime upesi; iache ingurume dakika 3 hivi, tabo ipoe.

Sasa tutafute chanzo. Fungua chujio la hewa: limejaa vumbi? Mpira wa tabo umepasuka? Sogeza mkono karibu na ringi za tela, usiguse. Yenye joto kuliko zingine, huenda breki yake inakamata.