Kabla Hujajaza Fomu, Nenda Kaione Studio

Mdogo wangu, unasema baba alicheka uliposema unataka kusomea usanifu wa mandhari. Eti miaka yote hiyo chuoni ni ya kujifunza kumwagilia maua? Usimkasirikie. Mchukue siku moja mwende Jangwani, hapa Dar es Salaam, masika yakiwa yamekolea. Mwoneshe mahali ilipojengwa karakana ya mabasi ya mwendokasi, bondeni mwa Mto Msimbazi, ambayo ilifurika zaidi ya mara moja. Muulize: nani alipaswa kuyafikiria maji haya kabla zege halijamwagwa? Miongoni mwa watu hao ni msanifu mandhari. Bustani ni kipande tu cha kazi yake. Kuna mteremko, udongo, maji, kivuli, na njia ya mama anayetembea na mtoto mgongoni.

Ndiyo maana nakusihi usichague programu kwa jina la chuo wala picha za kipeperushi. Mimi nilikosea hapo. Nilivutwa na picha, nikasoma mwaka mzima bila kushika udongo hata siku moja. Nilipoanza kazi, miti niliyoipanga kandokando ya barabara ilikufa kiangazi cha kwanza. Iliniuma sana, maana watu walikuwa wameshaanza kukaa chini yake.

Somo hilo, kwamba udongo huja kwanza, lilikuwapo Bamburi, Mombasa, zamani sana. Mwaka 1971, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, juu ya mwamba mtupu wa matumbawe. Mivinje ilishika, lakini majani yake yakawa yanarundikana bila kuoza. Akaleta majongoo. Yakayala majani hayo, na udongo ukaanza kujengeka. Leo pale ni Haller Park, msitu kamili. Nataka uende mahali watakapokufundisha kufikiri hivyo.

Sasa, utapajuaje? Kenya kuna shahada ya fani hii Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, Juja. Ukiwa Tanzania, anza kuuliza Chuo Kikuu Ardhi. Afrika Kusini kuna Pretoria. Popote utakapofikiria, omba kuingia studio, na ukiweza nenda mwisho wa muhula, wanafunzi wanapotetea michoro mbele ya walimu. Itazame michoro ukutani. Je, miti ina majina, mkungu, mwarobaini, mvinje, au ni viduara vya kijani tu? Kuna mchoro unaoonesha ardhi imekatwa ubavuni, ukaona maji ya mvua yanapitia wapi? Kama hakuna, hapo watakufundisha kupamba.

Kisha mtafute mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mkae chini ya mti mbali na walimu. Muulize alifanya wapi mafunzo kwa vitendo. Muulize pia anatumia shilingi ngapi kwa karatasi, kuchapa michoro na kutengeneza modeli, na kompyuta yake ni ya aina gani, kwa sababu gharama hizo mara nyingi huzioni kwenye orodha ya ada, na zimewafanya wengi wakate tamaa.

Usajili nao uulizie mapema. Hakikisha programu inatambuliwa na tume ya vyuo vikuu, TCU au, kwa Kenya, CUE. Halafu iulize bodi ya usajili ya wasanifu, AQRB Tanzania au BORAQS Kenya, shahada hiyo itakufikisha wapi. Kenya, chama cha wasanifu, AAK, kina tawi la wasanifu mandhari. Watu hao watakueleza hali ya kazi vizuri kuliko kipeperushi chochote.

Usingoje dirisha la maombi lifungwe. Panda gari wiki hii uende ukaione studio, na umchukue baba.