Ndoo ya Samaki Si ya Kufulia

Samaki wanne wa tangi la maabara yetu walikufa kwa kosa langu. Nilibadilisha maji kwa ndoo ya kufulia nguo. Sabuni kidogo tu iliyobaki huunguza mashavu ambayo samaki hupumulia. Tangu hapo nafuata haya:

1. Ndoo na mpira wa kunyonyea maji ni vya samaki pekee.

2. Nikimaliza kazi, navisuuza kwa maji matupu, bila sabuni.

3. Mpira ukishika utelezi, napitisha siki iliyozimuliwa kwa maji, kisha nasuuza mpaka harufu iishe.

4. Nautundika ukauke kabisa. Maji yakilala ndani, utelezi hurudi.

Jamani, majuto ni mjukuu. Chungeni vifaa!