Mdogo wangu analala kibarazani, nifanyeje?

Shangazi, mdogo wangu wa kiume alikuwa na chumba cha mabati Mukuru, kodi elfu nne kwa mwezi, akifanya kazi ya mjengo. Kazi ilipokatika akadaiwa miezi miwili, mwenye ploti akapiga mlango kufuli, vitu vyote vikabaki ndani. Hakuniambia. Nilikuja kumwona asubuhi moja Gikomba, ndiyo kwanza anaamka kwenye kibaraza cha duka, ananuka chang'aa. Sisi tunaishi bedsita Kayole, mimi, mume wangu na mabinti wawili. Mume wangu anasema mtu huyo haingii kwake mpaka aache pombe. Kila nikipita humpa mia mbili au mia tatu, kisha nalia kwenye matatu. Mama kijijini anadhani bado ana kazi. Nifanyeje?

Dada mtu, Kayole

Mwanangu, barua yako imenikaa moyoni, na nitakujibu kwa urefu kwa sababu walio katika hali ya ndugu yako ni wengi.

Tuanze na mumeo. Katika jambo moja ana haki. Bedsita yenye mabinti wawili haina nafasi ya mwanamume mtu mzima, na ukimwingiza kwa ubishi mtakosana nyote. Usimlaumu kwa hilo. Ninalompinga ni lile sharti la pombe. Kumtaka mtu aache chang'aa huku analala kwenye saruji, na baridi ya Nairobi ya mwezi wa saba unaijua, ni kumtaka apone kwanza ndipo atibiwe. Wengi wanaolala nje hunywa ili usingizi uje na ili wasisikie wanapoitwa chokoraa. Kwa maelezo yako mwenyewe, kilichotangulia kwa ndugu yako ni kukatika kwa kazi, kikafuata kufuli, halafu ndipo pombe.

Hebu tazama alivyoanguka. Mjengo hulipwa kwa siku, kodi hudaiwa kwa mwezi. Mvua ikinyesha wiki mbili, au saruji ikiisha na tajiri akasimamisha kazi, siku zinapotea lakini mwezi hauna huruma. Sasa ili apate chumba kingine anatakiwa kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na dipoziti, yaani karibu kiasi kile kile kilichomshinda alipokuwa na kazi. Na kama kitambulisho kilibaki nyuma ya lile kufuli, basi amefungiwa zaidi ya chumba. Sehemu nyingi za mjengo huingii bila kuacha kitambulisho getini, laini ya simu iliyopotea huirudishi bila hicho, na askari wakifanya msako usiku, asiyenacho ndiye wa kwanza kupakiwa kwenye gari.

Hayupo peke yake. Hesabu ya familia za mitaani iliyofanywa na serikali mwaka 2018 ilipata watu 46,639 nchini Kenya, na 15,337 kati yao walikuwa Nairobi. Wamo watoto waliokimbia kipigo, wajane walionyang'anywa shamba, wagonjwa wa akili walioachwa na jamaa. Na wapo wengine waliotolewa nje na serikali yenyewe. Baada ya mafuriko ya 2024 serikali ilibomoa nyumba zilizokuwa kando ya mito, Mathare na huko huko Mukuru, na Rais akaahidi kila kaya shilingi elfu kumi. Pale mtoni palikuwa pa hatari kweli, watu walikufa. Lakini elfu kumi ni kodi na dipoziti ya chumba kimoja cha mabati, basi, na matingatinga yalifika kabla watu hawajapata pa kwenda. Kifungu cha 43 cha Katiba yetu kinampa kila mtu haki ya makazi. Mahakama ya Juu iliitambua haki hiyo Januari 2021 katika kesi ya wakazi wa kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, ambao nyumba zao zilibomolewa 2011. Miaka tisa na zaidi, mwanangu. Mtoto aliyezaliwa wiki ya ubomoaji alikuwa tayari shuleni hukumu ilipotoka.

Nchi ya Finland iligeuza ule utaratibu wa kumtaka mtu apone kwanza. Tangu 2008 asiye na makao hupewa kwanza chumba chenye mkataba wa kupanga kwa jina lake, kisha huduma za pombe, afya na kazi humfuata humo humo. Mabweni ya kulala usiku mmoja yaligeuzwa kuwa nyumba za kupanga. Katikati ya miaka ya 1980 walikuwa na karibu watu elfu ishirini wasio na makao; kufikia 2022 walikuwa chini ya elfu nne. Wao wana serikali inayojenga na inayomsaidia mnyonge kulipa kodi, sisi hatujafika huko. Sisi tunakatwa asilimia moja na nusu ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na ningependa sehemu ya fedha hizo imlipie kodi ya mwezi mmoja au miwili mtu aliyepoteza kibarua, kabla kufuli halijapigwa. Kumzuia asitoke ni rahisi kuliko kumrudisha.

Lakini ule mpangilio wa chumba kwanza unaweza kuufuata hata wewe. Zile mia tatu acha kumpa mkononi. Si kwamba ni mwizi; anayelala nje hana pa kuweka pesa, huporwa usiku huo huo. Kopa kwenye chama chako, waite wajomba na binamu, mchange kodi ya miezi mitatu na dipoziti ya chumba cha bei ya chini kabisa, mkamtumie mwenye nyumba moja kwa moja kwa M-Pesa. Miezi mitatu, na mumeo ajue kila shilingi. Hapo atakuwa tayari kukusikiliza, kwa kuwa hujamwomba nafasi ndani ya nyumba yake.

Kuhusu vitu vilivyofungiwa, mwenye nyumba hana ruhusa ya kujipigia kufuli ili adai kodi. Sheria ina njia zake. Tatizo ni kwamba baraza la migogoro ya kodi za nyumba husikiliza kesi za nyumba zisizozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango cha zamani ambacho Bunge lingepaswa kukipandisha jana. Kwa elfu nne itabidi mzungumze, au muende Kituo Cha Sheria, wanaotoa msaada wa kisheria bure kwa wasiojiweza. Ombeni kwanza kitambulisho peke yake. Mwenye ploti mwenye busara atakitoa, maana hakiuziki.

Mama usimwambie bado. Hiyo ni habari ya mwanawe, mwache aiseme mwenyewe.

Na kabla hujatafuta chumba, kaa naye kwenye kibanda cha chai umuulize anataka kuishi wapi. Akisema Mukuru, usimvute Kayole kwa sababu wewe uko huko. Mtu wa mjengo lazima afike kazini kwa miguu, la sivyo nauli itakula kodi, na miezi mitatu ikiisha mtarudi pale pale.