Mjumbe Ametumwa na Nani? Habari za Mbulu, Mwaka 1960

Neno "mjumbe" twalijua sote: ni mtu aliyetumwa. Basi yatupasa sisi wa Bagara na jirani zetu kujiuliza, mjumbe wa Bunge hutumwa na nani? Twapenda kueleza habari iliyotokea katika nchi yetu hii, ipate kuwa mafundisho.

Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika liliundwa mwaka 1926. Kwa miaka mingi halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Mwaka 1945 waliingia wawili wa kwanza, Chifu Abdiel Shangali wa Machame na Chifu Kidaha Makwaia wa Shinyanga. Nao hawakupigiwa kura, bali waliteuliwa na Serikali.

Ukaja uchaguzi wa Agosti 1960, wenye viti 71. Nguvu za TANU zilikuwa kubwa hata wagombea wake 58 wakapita bila kupingwa. Siku zile Babati ilikuwa ndani ya wilaya ya Mbulu. Huko TANU ilimsimamisha Chifu Amri Dodo. Bwana Herman Sarwatt, naye mwanachama wa TANU, akasimama peke yake pasipo idhini ya chama. Kura zilipohesabiwa, Sarwatt ndiye aliyeshinda. Viti 70 vilikwenda kwa wagombea wa TANU. Cha Mbulu peke yake kikampata mtu aliyetumwa na wapiga kura tu.

Huko Uingereza uhuru wa mjumbe ulinunuliwa kwa thamani kubwa. Sir John Eliot, aliyezaliwa mwaka 1592, alishikilia kwamba mfalme asitoze ushuru bila idhini ya Bunge. Tarehe 2 Machi 1629 Mfalme Charles aliagiza kikao kiahirishwe. Wajumbe wakamshika Spika kitini asiondoke, mpaka maazimio yao yakasomwa. Eliot akafungwa katika Ngome ya London. Alikataa kukiri kosa, akafa humo mwaka 1632. Mwaka 1689 ndipo sheria ilipokataza mjumbe kushitakiwa kwa maneno aliyoyasema Bungeni.

Katika Tanzania ya leo, sheria yataka kila mgombea adhaminiwe na chama cha siasa. Hivyo njia aliyoipita Sarwatt imefungwa. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba sharti hilo lavunja haki za raia. Wako wasemao kwamba chama huwaunganisha watu na kuzuia fitina za ukoo. Wako wasemao kwamba mtu mwema asinyimwe nafasi kwa kukosa chama. Walimu na wazee wafaa kulijadili neno hili kwa utulivu.

Wahenga walisema mjumbe hauawi; hawakusema kwamba haulizwi. Basi arudipo kutoka Dodoma, na tumwulize: ulisema nini kwa ajili yetu, na ulikataa nini?