Pikipiki ya Zamani Mbele ya Mkaguzi: Namna ya Kuyasoma Matokeo Kabla ya Kununua

Mlaji anayetafuta pikipiki iliyokwisha kutumika huuliza swali moja kabla ya mengine yote: je, pikipiki ya aina hii, kwa umri ilio nao, bado hufaulu ukaguzi? Swali hilo ni la haki. Fedha anazotoa ni akiba ya miezi mingi, mara nyingi ni akiba ya kaya nzima, na chombo anachonunua kitabeba watu. Hata hivyo, jibu la "hufaulu" au "haifaulu" halimfikishi mbali asipojua mkaguzi hupima nini, na asipojua takwimu za kufaulu zinatokana na pikipiki zipi.

Somo hili linatumia mfano wa nchi moja na pikipiki moja. Nchi ni Uingereza, ambako ukaguzi wa lazima ulianza mwaka 1960, na tangu mwaka 2005 matokeo yamekuwa yakiingizwa katika kompyuta na kuwekwa wazi kwa umma. Pikipiki ni Honda CG125. Tumeichagua kwa sababu imekaguliwa huko kwa miaka mingi sana, na pia kwa sababu ni jamaa wa karibu wa pikipiki ambazo msomaji wa Afrika Mashariki huziona kila siku. Viwanda vya China viliiga injini yake kwa wingi, na pikipiki nyingi za Kichina za bei nafuu zinazopita katika barabara zetu zina injini ya uzao huo.

Pikipiki yenyewe

CG125 ilitoka mwaka 1976. Wahandisi wake walikusudia soko la nchi ambazo oili hubadilishwa kwa kuchelewa, chujio la hewa husahaulika na fundi hana vifaa vyote. Kwa hiyo waliacha mtindo wa kuendesha valvu kwa mnyororo mrefu unaopanda hadi juu ya injini, wakarudi kwenye mtindo wa kale wa fimbo zinazosukuma valvu kutoka chini. Mtindo huo hautoi nguvu nyingi, ila huvumilia uzembe. Cheni ya kuendesha gurudumu la nyuma nayo walifunikwa kwa bati pande zote, ili mchanga na maji visiifikie. Mwaka huohuo pikipiki hiyo ilianza kuundwa Manaus nchini Brazil, na nchini Pakistan imeendelea kuundwa hadi miaka yetu hii.

Huko Uingereza ilijulikana zaidi kama pikipiki ya mwanafunzi, kwa kuwa anayejifunza huruhusiwa kuendesha pikipiki isiyozidi sentimita za ujazo 125. Jambo hili msomaji alikumbuke, maana litarudi tutakapofika kwenye takwimu.

Mkaguzi haifungui injini

Sifa ya CG125 ni injini yake, lakini ukaguzi wa Uingereza hauipimi injini. Hautazami klachi wala giaboksi. Mkaguzi hutazama mambo yanayoweza kumdhuru mwendeshaji au mpita njia: taa, breki, usukani, shokapu, magurudumu, tairi, fremu, cheni, honi, bomba la moshi na nambari za utambulisho. Pikipiki yenye injini inayokula oili inaweza kutoka na cheti, na pikipiki yenye injini nzuri mno inaweza kukataliwa kwa sababu ya balbu ya taa ya nyuma.

Hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea. Husikia kwamba aina fulani "haifi", wakachukulia kwamba itafaulu ukaguzi bila shida. Uimara wa injini na usalama wa chombo ni mambo mawili, na wakati mwingine la kwanza hulidhuru la pili: pikipiki isiyozimika njiani haipelekwi kwa fundi, na isipopelekwa kwa fundi breki zake haziguswi na mtu.

Inapokwama

Katika takwimu za Uingereza, kundi linaloongoza kwa kuangusha pikipiki ni taa na vionyeshi, yaani taa ya mbele, taa ya breki, indiketa na nyaya zake. Kwa CG125 za miaka ya mwanzo jambo hili lina sababu ya wazi. Umeme wake ulikuwa wa volti 6, na baadaye ndipo zikaja za volti 12. Kwa umeme wa volti 6, betri ikichoka kidogo tu, indiketa hupepesa kwa uvivu injini ikiwa inanguruma polepole, au hukataa kabisa. Kanuni inataka indiketa ipepese kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Si lazima betri mpya iwe ndiyo dawa. Mara nyingi kilichooza ni kiungo cha waya wa hasi kwenye fremu, kilichoshika kutu chini ya rangi. Fundi mwaminifu atakisugua kwanza kabla ya kukuuzia betri.

Taa ya breki nayo ina mtego wake. Pikipiki iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 1986 au baada ya hapo hutakiwa kuwasha taa hiyo kwa breki zote mbili, ya mkono na ya mguu. Swichi ya mkono hujaa vumbi na kufa bila mwenye pikipiki kujua, kwa kuwa yeye haioni taa yake mwenyewe ya nyuma.

Breki ndizo zinazostahili muda mrefu zaidi wa mnunuzi. CG125 kwa sehemu kubwa ya maisha yake ilikuwa na breki za ngoma mbele na nyuma, ambazo ni aina ileile iliyoenea kwenye pikipiki za kazi hapa kwetu. Ukaguzi hutaka kila breki ifikie ufanisi wa angalau asilimia 25, na mojawapo ifikie angalau asilimia 30. Breki ya ngoma iliyotunzwa hufikia kiwango hicho. Iliyoachwa huanguka kwa namna ya kimyakimya: mwenye pikipiki hukaza nati ya waya kila mkono unapolegea, breki ikaonekana imepona, kumbe kinachokazwa ni waya na kinachokwisha ni breki shuu. Pembeni ya ngoma kuna mshale mdogo na alama. Breki ikibanwa hadi mwisho na mshale ukafika kwenye alama au kuipita, breki shuu zimekwisha, hata kama mkono bado unahisi mgumu. Kuuangalia mshale huo hakuhitaji spana wala fundi.

Kisha kuna gololi za usukani. Katika pikipiki za aina hii usukani huzunguka juu ya gololi za chuma zilizo huru ndani ya vikombe. Zikipigwa na mashimo kwa miaka, huchimba vijishimo, na usukani hujikwamia katikati kana kwamba kuna meno. Mkaguzi huinua gurudumu la mbele na kuuzungusha usukani taratibu ili kulihisi jambo hilo, kisha huvuta shokapu za mbele kwenda na kurudi kutafuta mchezo. Nyuma hufanya vivyo hivyo kwa ule mkono unaoshika gurudumu: bushi zake zikiisha, gurudumu huyumba pembeni, na mwendeshaji huanza kulaumu tairi.

Tairi hazina mengi ya kueleza. Kanuni ya Uingereza kwa pikipiki zenye injini inayozidi sentimita za ujazo 50 ni kashata yenye kina cha angalau milimita 1 katika robo tatu ya upana, na sehemu iliyobaki kashata ionekane. Kipara ni kipara.

Asilimia zinazodanganya

Kwa jumla, katika miaka ya karibuni, chini ya pikipiki moja kati ya tano huanguka inapokaguliwa mara ya kwanza nchini Uingereza, na magari madogo huanguka kwa kiwango kikubwa zaidi ya hicho. Kutoka hapo watu huendelea kugawanya takwimu kwa aina, kwa mwaka na kwa umbali, wakapata orodha za pikipiki "bora" na "mbovu". Orodha hizo zina faida, lakini zisomwe kwa uangalifu.

Kwanza, idadi. Tuchukue mfano wa kubuni. Pikipiki 20 za mwaka mmoja zimekaguliwa, zikafaulu 17. Hiyo ni asilimia 85. Ingeanguka moja zaidi, ingekuwa asilimia 80. Pikipiki moja imehamisha asilimia 5 nzima. Katika aina iliyokaguliwa mara 4,000, pikipiki moja haihamishi chochote kinachoonekana. Kadiri aina inavyozeeka ndivyo zinavyobaki chache, na ndivyo asilimia yake inavyoyumba.

Pili, ni nani aliyeendesha. Tulisema CG125 ilikuwa pikipiki ya mwanafunzi. Mwanafunzi huiangusha, huvunja indiketa, hana fedha, naye huiuza ndani ya mwaka. Pikipiki kubwa ya gharama hulala ndani, hutoka Jumapili zenye jua, na hupelekwa kwenye ukaguzi ikiwa imesafishwa. Ya pili ikifaulu zaidi, si hoja kwamba imeundwa vizuri zaidi. Yeyote anayelinganisha pikipiki ya bodaboda na ile ya mwalimu anayekwenda nayo shuleni asubuhi na kurudi mchana atakuwa amefanya kosa hilohilo.

Tatu, zilizosalia. Pikipiki mbovu kabisa hazifiki kwa mkaguzi. Zimekwisha kuuzwa kama vipuri. Zaidi ya hayo, tangu Mei 2018 chombo kilichozidi umri wa miaka 40 na kisichofanyiwa mabadiliko makubwa hakilazimiki kukaguliwa huko. Kwa hiyo CG125 za miaka ya mwanzo zinazoonekana katika takwimu za sasa ni za wenye moyo wa kuzipeleka kwa hiari. Inaweza kuonekana kwamba pikipiki ya miaka 42 ni salama kuliko ya miaka 20, na hiyo si kweli ya kutegemea unaponunua.

Nne, namna ya kuhesabu. Kasoro ndogo inayorekebishwa kituoni ndani ya saa moja, kama balbu, huandikwa kama kufaulu baada ya marekebisho. Mtakwimu mmoja huihesabu kuwa imefaulu, mwingine kuwa imeanguka. Wote wawili wanasema kweli, na asilimia zao zinatofautiana.

Kinachofaa kuliko asilimia

Kwa mnunuzi, historia ya pikipiki moja ina thamani kuliko wastani wa aina nzima. Uingereza mtu yeyote huweza kuandika nambari ya usajili katika tovuti ya serikali na kuona, bila malipo, kila ukaguzi uliofanyika: umbali uliosomwa, kasoro za hatari, kasoro kubwa, kasoro ndogo na maangalizo. Pikipiki yenye kasoro ndogo na maangalizo hupewa cheti. Lakini angalizo lilelile la bushi za nyuma likijirudia miaka mitatu mfululizo, mnunuzi amekwisha kuambiwa mwenyewe ni mtu wa aina gani. Umbali ukishuka badala ya kupanda, kilomita hizo hazikupotea zenyewe.

Mnunuzi asiye na kumbukumbu kama hizo hana budi kuutengeneza ushahidi huo kwa macho na mikono. Apange kuikagua pikipiki mchana, ikiwa baridi, na muuzaji asiiwashe kabla. Ainue gurudumu la mbele kwa kuweka kitu imara chini ya injini, auzungushe usukani, avute shokapu. Ahamie nyuma, ashike gurudumu kwa mikono miwili na kulitikisa pembeni. Atazame mishale ya breki. Mtu wa pili asimame nyuma wakati breki ya mkono na ya mguu zinapobanwa moja moja. Ahesabu indiketa kwa nusu dakika: zisipungue mara 30 wala zisizidi 60. Kipimo hicho ni cha Uingereza, ila balbu hazijui mpaka.

Cheti cha ukaguzi akionyeshwa, asome tarehe kabla ya kusoma muhuri. Cheti hueleza hali ya siku ile, na pikipiki ya biashara inaweza kumaliza breki shuu ndani ya miezi michache baada ya hapo. Cheti cha miezi kumi iliyopita hakimzuii mnunuzi kudai ukaguzi mpya kwa gharama watakazokubaliana. Kasoro zitakazopatikana ziandikwe katika karatasi ya mauziano, pamoja na nani atalipia kipi, na pande zote mbili zitie sahihi mbele ya shahidi.

Rangi mpya kwenye fremu ya pikipiki ya zamani ichunguzwe kwa kidole kwenye viungo vya kuchomea, hasa chini ya tangi na karibu na shokapu za nyuma, kwa kuwa ufa hufichwa hapo. Mwisho, nambari ya fremu na ya injini zilinganishwe na kadi ya usajili, herufi kwa herufi. Ikiwa nambari ya fremu imesagwa au imegongwa upya, mazungumzo ya bei yakome hapo, hata kama breki ni nzuri na injini inawaka kwa kiki moja.